Lisemwalo Huenda Halipo: Mumiani Arudishwe Kitabuni

Ukimwuliza mzee wa Kimamba, au mama anayeuza ndizi kando ya barabara pale Mikumi, kama anamfahamu Dracula, huenda akakuuliza anachezea timu gani. Lakini mwulize habari za mumiani. Atashusha sauti, ataangalia nani yuko karibu, kisha atakusimulia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona, bali shemeji wa jirani yake aliliona kwa macho yake mawili.

Makala haya yanamhusu huyo shemeji wa jirani. Hoja yangu ni fupi. Mumiani ni hadithi nzuri iliyokaa mahali pabaya. Mahali pake ni kitabuni, katika riwaya na katuni, ambako ana mwandishi, ana bei, na ana ukurasa wa mwisho. Sisi tumemwacha mdomoni, ambako hana hata kimoja kati ya hivyo, na huko ameua watu. Tena sisi watu wa Kanisa, badala ya kuukemea mdomo, mara nyingi tumekemea kitabu.

Mnyonya damu mwenye mshahara

Neno mumiani ni la zamani. Asili yake ni Kiajemi na Kiarabu, na lilitaja kitu cheusi mfano wa lami kilichotumiwa kama dawa. Ni neno hilohilo lililowapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, inaieleza mumiani kuwa dawa ambayo watu waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu. Maana yake ni kwamba kabla Mjerumani hajaja kututawala, tayari neno lilikuwapo likimngoja. Baadaye jina la dawa likawa jina la mtu anayeitafuta hiyo damu. Nairobi na Kampala watu waliwashuku wazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walioshukiwa ni pamoja na Mapadre Weupe, wamisionari wa Kanisa letu. Huku kwetu tukaongeza jina la chinjachinja.

Wasomi wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Mwanaanthropolojia Mholanzi Peter Pels aliandika mwaka 1992 juu ya mumiani akitumia habari za Uluguru, mkoani kwetu Morogoro. Mwanahistoria wa Marekani Luise White alitoa kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni. Wao hawakuuliza kama mumiani yupo. Waliuliza kwa nini watu wengi, katika nchi nyingi, walisimulia karibu hadithi ileile.

Hadithi yenyewe huenda hivi. Kuna gari, aghalabu lisilowasha taa. Ndani yake kuna watu wawili watatu waliovaa sare au makoti. Kuna kitambaa au dawa ya kumziba mtu mdomo asipige kelele. Kuna mtu wa ndani, mwenyeji, anayewaonyesha nyumba ya kuingia. Damu ikipatikana inapelekwa kwa mnunuzi mkubwa ambaye hatumwoni kamwe. Kila aliyeshiriki hulipwa.

Sasa mlinganishe huyu na Dracula wa mwandishi Bram Stoker, aliyetoka kitabuni mwaka 1897. Dracula ni bwana mkubwa, ana ngome yake, anatoka kaburini, ananyonya kwa meno yake mwenyewe kwa sababu ana njaa. Mumiani wetu hana meno marefu wala kaburi. Hata hiyo damu hainywi. Yeye ni mwajiriwa. Ana bosi, ana dereva, ana zamu ya usiku na ana mshahara. Ukiiondoa damu ukaweka noti, unabaki na hadithi ya genge linalopanga kuvunja benki: mpangaji, dereva, mtu wa ndani, bidhaa, mnunuzi. Kwa hiyo mumiani kwa asili yake ni hadithi ya wizi kuliko hadithi ya mizimu. Nadhani hapo ndipo utamu wake ulipo, na hatari yake pia.

Tulivyovitendea vitabu vya mia mbili

Hadithi za wizi na upelelezi hazikuwa ngeni kwa baba zetu. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Kulikuwa na majarida ya hadithi za picha, watu wakipigwa picha wakiigiza na maneno yakichapwa juu yao. Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na tai ya kipepeo, alisomwa hivyo Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Katalambulla naye akawa na jarida lake, Film Tanzania. Kisha likaja Sani na katuni zake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, ambazo zilipita mikono mingi hadi karatasi zikalegea.

Vitabu hivi tuliviita vya bei rahisi, na baadhi kweli vilikuwa na mambo yasiyomfaa mtoto. Katika nyumba nyingi za Kikristo vilifichwa chini ya godoro. Mtu akikutwa na riwaya ya majambazi alionekana amepotoka, lakini mtu aliyeleta habari ya mumiani baada ya Misa alizungukwa na kusikilizwa hadi jua likawa kali. Wa kwanza alijua anasoma uongo uliotungwa kwa ustadi. Wa pili alidai anasema kweli. Nani kati yao alistahili kukemewa?

Wenzetu wa Marekani walilipitia jambo hili kabla yetu. Miaka ya 1940 na 1950 nchi ile ilijaa katuni za majambazi na za kutisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika shule kadhaa za Kikatoliki, watoto walizikusanya katuni na kuzichoma moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuzishutumu, Seneti ikaendesha vikao, na wachapishaji wakajiwekea kanuni zilizokataza hata wanyonya damu kuonekana katika kurasa. Kanuni zilipolegezwa mwaka 1971, haikupita muda kampuni ya Marvel ikaanza jarida la katuni la Dracula mwaka 1972. Moto haukuimaliza hadithi. Lakini katika nchi hiyohiyo Wakatoliki wengine walifanya jambo la busara zaidi. Walianzisha katuni yao, Treasure Chest, ikasambazwa katika shule za Kikatoliki kuanzia mwaka 1946 hadi 1972. Hao walielewa kwamba mtoto anayependa picha hutendewa haki kwa kupewa picha nzuri, si kwa kunyang'anywa kiberiti na karatasi kwa pamoja.

Hadithi isiyo na mwenyewe

Tofauti kati ya hadithi ya kitabuni na uvumi haiko katika damu, kwa kuwa zote mbili zinaweza kujaa damu. Iko katika mambo matatu.

Kwanza, kitabu kina mwenyewe. Jina liko kwenye jalada, na ukikasirika unajua umlalamikie nani. Uvumi hauna mwenyewe. Kila anayeusema anasema ameambiwa, na ukifuata mnyororo huo unarudi nyuma mpaka kwenye giza.

Pili, kitabu kina mipaka. Kinaanza ukurasa wa kwanza na mwisho wake unaufahamu kwa kidole hata kabla hujafika. Ukikifunga, jambazi amebaki ndani. Uvumi haufungwi. Hauna mwisho mpaka upate mtu wa kumwangukia.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, kitabu kinaweka neno «kama». Mwandishi na msomaji wamekubaliana kimyakimya: tufanye kama mambo yalikuwa hivi. Uvumi unaling'oa neno hilo. Tajiri anayemlipa kibarua senti chache ni kama mnyonya damu. Sentensi hiyo ni ya haki, hata nabii angeisema. Ukiondoa «kama», unabaki na mtu mwenye mwili, amesimama mbele yako, na mkononi una jiwe.

Oktoba 2016 mawe hayo yalirushwa. Katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, wananchi waliwaua watu watatu: watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha, na dereva wao. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Watu wakaamini ni wanyonya damu, wakawaua na kuwachoma moto. Mwaka uliofuata, huko Malawi, uvumi wa namna hiyo katika wilaya za Mulanje na Phalombe ulisababisha watu kadhaa kuuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwa muda.

Asiseme mtu kwamba Chamwino ni mbali. Kilosa inapakana na Mpwapwa, na Mpwapwa iko mkoa huohuo wa Dodoma. Sisi pia tuna kituo cha utafiti wa kilimo pale Ilonga, na watafiti wake hufanya kazi ileile ya kuchota udongo katika mashamba ya watu. Ujenzi wa reli ya SGR umeleta mamia ya sura ngeni katika wilaya yetu, na tangu mwaka 2024 treni inapita Kilosa ikienda Dodoma na kurudi. Mikumi imekatwa katikati na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na magari yenye namba za nchi nyingine hulala pale kila usiku. Wilaya yenye wageni wengi hivi haiwezi kumudu kuwa na hadithi inayosema mgeni mwenye gari ni mwuaji.

Sisi tulikuwa mumiani wa Roma

Mkristo ana sababu ya pekee ya kuuogopa uvumi wa damu: sisi wenyewe tuliwahi kuumizwa nao. Katika karne ya pili, watu wa Dola ya Roma walisimulia kwamba Wakristo hukutana gizani, humchinja mtoto mchanga na kula nyama yake kwa damu. Walikuwa wamesikia nusu ya habari ya Ekaristi, wakaijaza nusu iliyobaki kwa hofu yao. Mwaka 197 hivi Tertullian, mwanasheria wa Kikristo wa Kartago, aliwajibu katika utetezi wake. Aliuliza ni nani aliyewahi kumkuta Mkristo na damu mdomoni. Tena akaonyesha jambo ambalo mwanafalsafa yeyote angejivunia kuliandika: uvumi huishi tu maadamu haujathibitishwa, kwa sababu ukithibitishwa unaacha kuwa uvumi na kuwa habari. Kwa hiyo anayesema «nimesikia» amekwisha kukiri kwamba hajui.

Laiti tungeishia hapo tukiwa upande wa wanaoonewa. Karne nyingi baadaye Wakristo waliuchukua uongo uleule na kuwatupia Wayahudi. Huko Trento, Italia, mwaka 1475, mtoto mmoja alikutwa amekufa, na Wayahudi wa mji ule wakashtakiwa kwamba walimwua wapate damu yake. Waliteswa mpaka wakakiri, wakauawa. Mtoto yule akaheshimiwa kama mfiadini kwa karibu miaka 500, hadi Kanisa lilipoifuta heshima hiyo mwaka 1965, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa tamko lake juu ya dini zisizo za Kikristo. Trento ni mji ambao jina lake kila mseminari analijua kwa sababu ya Mtaguso. Ni vema tulijue na kwa sababu hii nyingine.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anapozungumzia hukumu, anauliza kushuku kunatoka wapi. Anataja mahali patatu. Mtu hushuku kwa sababu yeye mwenyewe ni mbaya na anawapima wengine kwa kipimo chake. Au hushuku kwa sababu anamchukia au kumwonea wivu mwenzake. Au hushuku kwa sababu ya uzoefu wa muda mrefu, ndiyo maana wazee hushuku zaidi ya vijana. Kisha, akimjibu anayesema kwamba kumdhania kila mtu mema ni kujidanganya, anasema ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa kuwa kosa la pili humdhuru jirani na la kwanza halimdhuru. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaiweka hukumu isiyo na msingi kati ya makosa dhidi ya amri ya nane. Hata anayekubali kimoyomoyo tu, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yake ana kosa, amekwisha kuanguka humo.

Ndipo ninapogombana na methali yetu pendwa. Tunasema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika mambo ya ndoa za vijijini na uteuzi wa viongozi huenda ikawa kweli. Katika mambo ya damu, methali hiyo ni shahidi wa uongo. Pale Iringa Mvumi lililosemwa halikuwapo. Lililokuja lililetwa na wasemaji wenyewe.

Wanaopinga wana haki ya kujibiwa

Kuna wanaoniambia kwamba hadithi za damu, hata zikiwa za kitabuni, hujaza kichwa mambo ya giza. Wana mkubwa wa kumtaja: Mtakatifu Augustino, katika Maungamo, anajilaumu kwa kulia machozi kwa ajili ya kifo cha Dido wa kwenye utenzi, huku hajililii mwenyewe aliyekuwa akifa mbali na Mungu. Onyo hilo nalikubali. Lakini tutazame Augustino analaumu nini. Analaumu machozi yanayoishia kitabuni. Hasemi kwamba Dido ni hatari kwa jirani. Naye aliyeisoma hadithi ile utotoni ndiye aliyekuja kutuandikia moja ya simulizi kubwa kuliko zote za roho ya mtu. Msomaji wa riwaya akilala na hofu, hofu hiyo inamdhuru yeye usiku mmoja. Msikilizaji wa uvumi akiamka na hofu, inamdhuru mpita njia.

Wengine wananikumbusha kwamba biashara ya viungo vya watu si uvumi. Ni kweli, na ni aibu yetu. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi hii. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe. Mambo hayo yalitokea, miili ilionekana, polisi walichunguza, mahakama zilihusika. Lakini hoja hii inanisaidia mimi. Matukio hayo yana mahali, tarehe na ushahidi. Kadiri tunavyojaza masikio kwa habari zisizo na mahali wala tarehe, ndivyo tunavyozidi kuwa viziwi siku mtoto wa kweli anapopotea. Tena wauaji wa kweli mara nyingi huwa watu wa karibu, wanaoijua nyumba, wakati uvumi unatufundisha kuyaangalia magari ya wageni.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Inasema uvumi wa mumiani ni sauti ya maskini, na kuunyamazisha ni kumnyamazisha maskini. Naielewa vizuri nikikumbuka historia ya hapa. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na baadaye mashamba yakatanda hadi Kimamba na Rudewa. Manamba waliletwa kutoka mbali, wakiitwa kwa namba zao badala ya majina. Mtu alikuja na nguvu, akaondoka amekauka. Mwili wake ulikwenda wapi? Uligeuka kamba na magunia na faida ya mtu asiyemwona. Aliyesema «wanatunyonya damu» hakuwa mjinga. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967, siasa yetu nzima ilizungumza lugha hiyohiyo: unyonyaji, kupe, kukata mirija.

Ndiyo maana sitaki mumiani anyamazishwe. Nataka aandikwe. Mdomoni, sauti ya maskini humkosa tajiri na kumpata dereva. Tajiri wa shamba hakuchomwa moto. Waliochomwa ni watafiti waliokuwa wakipima udongo ili mkulima apate mavuno zaidi. Kitabu kingeweza kumwelekezea kidole mwizi mwenyewe.

Mfano wa hadithi ningependa kuisoma

Nitoe mfano, anayetaka auchukue bure. Tuseme ni Kimamba, kwenye shamba la mkonge, miaka ya 1930. Usiku watu hawatoki, kwa sababu mumiani ameonekana: gari lisilo na taa, watu watatu wenye makoti. Kila mtu amejifungia. Binti wa mpishi wa shamba, mwenye macho makali na asiye na woga, anagundua jambo. Kila usiku gari hilo linapoonekana, asubuhi hesabu ya marobota stooni haiendi sawa. Anafuatilia. Wenye makoti ni karani, nyapara na mtu mmoja wa stesheni, wanaohamisha marobota ya mkonge mpaka kwenye mabehewa, na kwenye daftari wanaandika kwamba vibarua hawakumaliza kazi, ili wakatwe posho kufidia. Uvumi wa mumiani wameueneza wao wenyewe, maana hakuna mlinzi bora kuliko hofu ya kijiji kizima. Binti anajua akisema hataaminiwa. Basi naye anapanga wizi wake: kuliiba daftari.

Hapo kuna genge, kuna mnyonya damu, kuna gari usiku na kuna mwisho. Kijana wa Kimamba akiisoma, atajifunza kwamba anayenufaika na hofu yake ndiye wa kuulizwa maswali. Na tusiogope kwamba ni hadithi ya wezi. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 16, alisimulia habari za wakili mdanganyifu aliyepunguza hesabu za wadaiwa wa bosi wake ili apate marafiki, na bado akampa sifa ya ujanja. Alijifananisha hata na mwizi ajaye usiku. Aliwaamini wasikilizaji wake kwamba wataitambua hadithi kuwa hadithi.

Nini kifanyike

Kwa seminari zetu: tuwe na rafu ya riwaya pendwa na katuni za Kiswahili katika maktaba, na tuzijadili darasani bila aibu. Tarehe 17 Julai 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Anaeleza kwamba mwanzoni alikusudia kuandika kuhusu malezi ya mapadre tu, kisha akaona jambo hilo linawahusu waamini wote. Padre asiyejua waumini wake wanaogopa nini usiku atawahubiria nini asubuhi?

Kwa vijana wa VIWAWA na wanafunzi wa parokia za Kilosa na Mikumi: wapo kati yenu wanaochora vizuri pembeni mwa madaftari. Parokia iwape karatasi, kalamu na siku ya kuuza kazi yao baada ya Misa. Jalada liwe na majina ya watunzi, ili kila mtu ajue hadithi hii ina wenyewe.

Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo: habari ya mnyonya damu ikiletwa, hata ikiwa kwa sauti ya WhatsApp iliyotumwa na mtu mnayemheshimu, iulizwe maswali matatu kabla haijatoka nje ya mlango. Aliyeona kwa macho yake ni nani? Ni wapi na siku gani? Na mwenyekiti wa kitongoji au polisi ameambiwa? Kama maswali hayo hayana majibu, habari hiyo ife hapohapo. Wageni nao, watafiti na watu wa miradi, wana wajibu wao: wapite ofisi ya kijiji, wajitambulishe mkutanoni, waeleze sampuli zao ni za nini.

Na kwa sisi sote, kuna jambo moja la damu lisilo la kitabuni. Mikumi kuna hospitali ya Kanisa, ya Mtakatifu Kizito, na kuna barabara ambayo ajali zake tunazijua. Aliyepasuliwa na chuma usiku anahitaji damu usiku huohuo, na damu haina kiwanda. Inatoka kwa mtu. Mahali ambapo mumiani anaaminika, watu huuogopa mkono wenye sindano, hata wa muuguzi wanayesali naye kanda moja. Hapo uvumi unaua kwa mara ya pili, bila jiwe wala moto, na hakuna gazeti linaloandika. Mumiani huchukua damu ya wengi kwa siri ili amtajirishe mmoja. Kila Jumapili tunaikaribia meza ambapo Mmoja ametoa damu yake hadharani kwa ajili ya wengi. Anayetoka kwenye meza ile asiogope kutoa chupa moja.

Basi mapadre na makatekista watangaze siku ya kuchangia damu, sisi tutangulie kwenye foleni mbele ya watu wote. Na anayejua kuchora, aanze na gari lisilo na taa.